Umechomwa kwa bahati mbaya na sindano ya utafiti? Usisubiri majibu

Pole sana, dada. Kuchomwa jana jioni ukimtoa damu mshiriki wa utafiti, halafu msimamizi anakwambia usubiri majibu ya kipimo cha VVU cha mshiriki huyo! Usisubiri. Dawa za kinga ya VVU, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Nenda CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, leo, kisha uzimeze siku 28 bila kuruka. Uliza na homa ya ini B. Mimi niliona aibu, nikapoteza siku nzima.

Ile chupa ya damu ya mshiriki iliyobaki msiipime VVU kwa siri. Aliridhia utafiti, si hilo. Mwombeni ridhaa upya. Tukio liandikwe kwenye daftari. Wasimamizi wakilizima, kamati ya maadili ya utafiti ipo: namba yake iko chini ya fomu ya ridhaa.