Kabla hujanunua kontroli boksi ya Subaru yako ya tabo

Pistoni ya silinda ya nne ya Impreza yangu bado ninayo, iko hapa mezani ninapoandika. Ukiishika utaona ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa pengo hilo tu, injini nzima ilishushwa. Na aliyelisababisha ni mimi, kwa kifaa nilichonunua mwenyewe.

Gari ni WRX STI ya 2004, injini ya EJ207, lita 2.0, nguvu farasi 280 ikitoka kiwandani Japani. Nilibadilisha eksozi, nikataka ivute zaidi, nikashauriwa nifunge kiboksi kidogo kinachokaa kati ya sensa ya hewa na kontroli boksi ya gari, yaani kompyuta inayoongoza injini. Kilikuwa rahisi na kilifungwa jioni moja. Dar ilikwenda vizuri sana, nikafurahi.

Wengi hatuelezwi kiboksi cha namna ile kinafanya nini hasa. Kinaidanganya kontroli boksi. Ili kupunguza petroli, kinaiambia kwamba hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo kweli. Kontroli boksi nayo inaamini kwamba injini haijabeba mzigo mkubwa, na injini isiyo na mzigo huruhusiwa kuchoma mapema zaidi. Kwa hiyo petroli inapungua na cheche inawahi, vyote kwa wakati mmoja, huku tabo inasukuma kwa nguvu zote. Hapo ndipo injini inapogonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mbeya msibani. Mlima Kitonga nilipanda mchana, nyuma ya malori, joto limejaa chini ya boneti. Nilipopata nafasi nikakanyaga mafuta mpaka mwisho nilipite lori, nikasikia sauti kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Sekunde mbili au tatu, basi. Kufika Mafinga, moshi wa bluu unanifuata. Tulipopima kompresheni, silinda tatu zilikuwa karibu sawa, ya nne ilikuwa chini mno.

Ndiyo maana nawasihi wadau: fikiria gari lako linaishi wapi. Magari haya yalitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo hufika oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga). Ya vituo vyetu haifiki hapo, na petroli dhaifu hugonga mapema. Halafu kuna mwinuko. Dar, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, ni kama 82. Ukitaka injini ipate kilopaskali 200 kamili, pwani tabo inazidisha hewa mara mbili tu, Mbeya inabidi iizidishe karibu mara mbili na nusu. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Ramani, yaani mpangilio wa petroli na cheche ndani ya kontroli boksi, iliyopangwa Dar usiku, kukiwa na ubaridi, haijaona lolote kati ya hayo.

Baada ya kujenga injini upya sikununua kiboksi kingine. Niliandikiwa upya programu ya kontroli boksi ileile ya kiwandani, kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi. EcuTek wanauza programu ya kazi hiyo, na RomRaider ni programu ya bure kwa anayeijua. Kama tabo yako ni ya kiwandani, mimi naona hii inakutosha kabisa.

Kontroli boksi kamili kama Link au Haltech ina mahali pake: umeweka tabo kubwa, nozeli kubwa, na sensa ya hewa imefika mwisho wa kipimo chake. Tafuta inayoingia kwenye soketi za kiwandani bila kukata waya hata mmoja, na kwa STI uliza kama inaendesha AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) na difu ya kati. Bei yake ni dola elfu moja na zaidi, kabla hujamlipa wa kuituni.

Na huyo wa kuituni ndiye wa kumtafuta kwanza. Muulize anaijua ipi, ndiyo ununue. Mwangalie anavyoanza kazi: anapima kompresheni, anatafuta mahali hewa inapovuja, anatazama plagi, anafunga sensa ya kusoma mchanganyiko kwenye eksozi. Anayefungua laptopu moja kwa moja, mshukuru, uondoke. (Na kama umefunga vali ya kutoa mluzi nje, irudishe ya kiwandani. Hewa unayoimwaga sensa ilishaihesabu, hivyo injini inapewa petroli isiyo na hewa yake.)

Mtaalamu wangu aliniomba tupande wote Kitonga, mchana, laptopu mapajani mwake. Akapunguza presha ya tabo kidogo kwa hewa ya moto, akarudisha cheche nyuma nyuzi mbili, tukapanda tena. Ramani ile na ile ya kiwandani nimezihifadhi kwenye flashi mbili, moja ipo nyumbani, nyingine kwenye droo ya gari.