Upepo wa baridi hukupa dakika chache tu: ushauri kwa waanika dagaa wa Kigoma

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kuanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, nilipoteza ndoo kumi na mbili kwa asubuhi moja, na kosa lilikuwa langu. Jua lilikuwa likiwaka, milimani kulikuwa kweupe, nami nilikaa nikiwa nimelipa ziwa kisogo. Ghafla ukavuma upepo wa baridi, na kabla sijatandaza turubai la pili mvua ilikuwa imekwisha kufika.

Shuleni tulikaririshwa kwamba mvua hunyesha pale hewa ya baridi inapokabiliana na hewa ya joto kwenye mpaka mrefu unaosafiri juu ya nchi. Nadharia hiyo ilikuzwa huko Bergen, Norwei, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na wataalamu wake waliufananisha mpaka huo na mstari wa mapambano. Inaeleza vyema mvua za Ulaya, lakini Kigoma, iliyo karibu nyuzi tano kusini mwa Ikweta, haifikiwi na mipaka ya aina hiyo. Mvua zetu za Msimu, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, hufuata ukanda wa mvua, mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikakosa pa kwenda isipokuwa juu, ikapoa, na mvuke wake ukageuka matone.

Ziwa nalo lina mchango wake. Maji ya Tanganyika yanayopanda angani kama mvuke ni mengi kuliko yanayotoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na hewa yenye unyevu iliyo juu ya maji hupandishwa. Ndiyo sababu katika msimu wa mvua mawingu ya radi huweza kujengeka ziwani usiku, wakati sisi tumelala, kisha yakatukuta asubuhi tumekwisha kuanika.

Upepo ule ulioniponza ni mpaka wa hewa pia, ila ni mdogo. Baadhi ya matone hugeuka mvuke yakiwa bado yanaanguka, hewa inayoyazunguka hupoa na kuwa nzito, hushuka kwa kasi, kisha hutambaa juu ya maji ikiitangulia mvua. Ukiuhisi usoni, acha kuutafakari, anza kuanua.

Lakini ni bora usiusubiri. Wavuvi wanaporudi alfajiri, mimi huwauliza kwanza radi ilikuwa upande gani, ndipo niulize bei, na jambo hilo huwachekesha sana. Anika juu ya kichanja cha wavu badala ya mchangani, maana hewa hupita chini pia, na wakati wa Msimu tandaza dagaa wachache kwa nafasi, kwa kuwa hewa iliyojaa unyevu hukausha polepole hata jua likiwa kali. Turubai likae kando ya kichanja, si nyumbani. Wingu jeusi likiwa limesimama upande wa Kongo, mimi huanika nusu ya mzigo, na nusu iliyobaki huwauzia akina mama wa sokoni ikiwa mbichi kabla ya saa mbili, ingawa wanajua kabisa kwa nini nina haraka na hushusha bei ipasavyo.