Kuhamisha tovuti ya mradi kutoka WordPress kwenda Hugo bila kuua viungo vya zamani

Hugo ni programu inayotengeneza kurasa za tovuti kutoka faili za Markdown, yaani maandishi yenye alama rahisi za mpangilio. Kugeuza makala za WordPress kuwa Markdown ndiyo kazi nyepesi. Viungo vya zamani, ambavyo anwani zake zinaweza kubadilika ukihama, ndivyo vya kushughulikia kwanza. Kabla ya kugusa chochote, pakua sitemap.xml ya tovuti ya sasa, yaani faili linaloorodhesha kurasa zake. Ndiyo orodha utakayopimia tovuti mpya.

Kila ukurasa uliobadilika anwani, andika anwani yake ya zamani kwenye aliases (orodha ya anwani za zamani), kwenye mipangilio iliyo juu kabisa ya faili la Markdown. Hugo itatengeneza ukurasa mdogo wa HTML unaompeleka msomaji kwenye anwani mpya. Hiyo si 301 halisi (jibu la seva linalosema ukurasa umehama moja kwa moja), kwa hiyo kama una seva yako, weka 301 kwenye Nginx, programu ya seva ya wavuti, ni bora zaidi. Anwani za aina ya /?p=123 hazishikiki kwa aliases hata kidogo, kwa sababu kilicho baada ya alama ya kuuliza si njia ya faili. Hizo ni za seva tu.

Ukiweka tovuti GitHub Pages (huduma ya GitHub ya kuhifadhi tovuti) chini ya /jina-la-mradi/, baseURL, yaani anwani kuu ya tovuti kwenye mipangilio ya Hugo, lazima ibebe jina hilo. Picha iliyoandikwa /img/nembo.png itapotea, maana kivinjari huitafuta kwenye mzizi wa kikoa. Ukichapisha kupitia tawi la gh-pages na una kikoa chako, faili la CNAME, lenye jina la kikoa hicho, likae ndani ya folda ya static/ ya Hugo, la sivyo linafutika kila unapochapisha upya.

Makala isipotokea, angalia kama ina draft: true (alama kuwa bado ni rasimu) au tarehe ya mbele. Hugo huiruka kimyakimya.