Nimlipe kocha wa maisha au niende kwa mshauri wa kanisani?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 34, ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili. Nataka kukua, nimechoka kubaki palepale. Novemba sikutokea kwenye mtihani wa CPA, ule wa uhasibu, Mei vilevile. Biashara ya vitenge nayo nimeiacha. Mtandaoni kuna kocha wa maisha anatoza laki nne kwa wiki nane, na ofa inaisha Ijumaa. Mume wangu anasema niende kwa mama mmoja wa usharikani kwetu aliyesomea ushauri nasaha. Anakaa ofisini kila Alhamisi na halipishi. Ila tunaimba naye kwaya moja, naogopa mambo yangu yatasikika. Niseme pia kwamba baba alifariki Septemba mwaka jana, tukamzika Same. Nilirudi kazini haraka. Ndiye aliyenilipia ada ya CPA mara ya kwanza. Vitabu vyangu viko kwenye boksi moja na miwani yake, namba yake sijaifuta. Saa nane usiku nashtuka, nakaa sebuleni mpaka adhana. Hata kwaya siku hizi midomo inaenda tu. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba, na usishangae nikianza na pole wakati wewe umeuliza habari ya kukua.

Anza na mshauri. Kocha asubiri. Barua yako ndiyo inayonifanya niseme hivyo: habari ya kukua umeimaliza kwa sentensi moja, lakini ulipofika kwa baba kalamu haikusimama. Na angalia miezi. Mtihani, vitenge, vyote vimekushinda baada ya Septemba. Zile siku 4 ambazo sheria yetu ya ajira ya 2004 inazitaja kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi zinatosha kwenda Same kuzika na kurudi. Kulia hukupata nafasi.

Kocha anamfaa mtu anayejua anakotaka kwenda. Anakuuliza maswali, mnaweka malengo, wiki ijayo anauliza umefikia wapi. Ni kazi nzuri, na mwenye duka anayeshindwa kutenganisha pesa ya mauzo na ya jikoni anahitaji hasa mtu wa namna hiyo. Wewe utapewa ratiba ya kusoma kila usiku, utaishika siku chache, halafu utafungua lile boksi ukutane na miwani. Utaiacha ratiba, na safari hii utajilaumu zaidi kwa sababu umeilipia.

Mshauri nasaha anaanzia panapouma. Tena mshauri wa Kikristo aliyeisomea kazi yake unaweza kumpelekea maswali ambayo kwingine ungeona aibu kuyatamka: mbona Mungu amemchukua, mbona siwezi kuomba, mbona naimba na moyo haupo. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alikaa jangwani chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala, akaamshwa akala tena. Kazi mpya, ya kuwatia mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, ilikuja baadaye kule mlima Horebu, akiwa ameshasema yaliyo moyoni mwake, tena mara mbili, karibu maneno yaleyale. Naipenda sana hiyo mara ya pili. Aliachwa aseme tena.

Hofu yako ya kwaya ina msingi, na mumeo asiipuuze. Huwajibiki kumfungulia moyo mtu mnayesimama naye sauti ya pili kila Jumapili. Mwombe mchungaji akuelekeze kwa mshauri wa usharika mwingine, Segerea au Kinyerezi huko. Popote utakapokwenda, kabla hujaanza kueleza, uliza: amesomea wapi, anachoandika kinasomwa na nani, nani mwingine ataambiwa. Mshauri mzuri atakwambia na mpaka wa siri, kwamba maisha ya mtu yakiwa hatarini hatanyamaza. Akisema huzuni yako ni upungufu wa imani, au akikudai utoe kitu ndipo akuombee, aga uondoke.

Hiyo saa nane ya usiku siichukulii kirahisi. Kama huzuni imekukalia karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, huna hamu ya chakula wala ya kukaa na watoto, mwone daktari pia. Hospitali ya Amana si mbali na kwako, na Muhimbili wanatibu magonjwa ya akili. Kumwona daktari hakumwondoi mshauri, wala hakumvunjii Mungu heshima. Na likikujia wazo kwamba afadhali usiwepo, usisubiri Alhamisi. Mwamshe mumeo usiku huohuo mwende hospitali.

Huyo kocha wa mtandaoni nisimhukumu bila kumjua. Ila ukocha wa maisha hauna leseni kama ya daktari au wakili, mtu anaweza kuamka leo akajiita hivyo. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, linadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na wateja kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza. Muulize kama anacho. Muulize pia anafanyaje mteja akilia kipindi kizima. Akijibu kwamba humwelekeza kwa mshauri, hifadhi namba yake. Akijibu kwamba programu yake inatibu kila kitu, ifute.

Ijumaa usilipe kitu. Ukifika Septemba ukiwa unalala mpaka alfajiri, niandikie tena, na hapo tutazungumza habari ya kocha na mtihani wa Novemba.