Makande ya shule yetu Tandahimba, na ile picha ya sahani ya Japani

Mkuu mleta mada, umeweka picha za chakula cha mchana cha shule za Japani, Ufaransa na Marekani, halafu ukauliza kwa nini watoto wetu wa kusini wao ni makande tu mwaka mzima. Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi huku Tandahimba miaka sita, minne nikishika ufunguo wa stoo. Acha nijibu kama mtu wa stoo.

Nianze na Japani, maana ndiyo imewatoa watu udenda. Sheria yao ya chakula cha shuleni ni ya 1954, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba halmashauri inajenga jiko na kulipa wapishi, mzazi analipia vyakula vyenyewe. Yaani mzazi wa Japani naye alikuwa anachangia! Tofauti ni kwamba kule mchango wako unakuta jiko lina maji. Sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde, maji ni ya kuvuna kwenye bati. Kisima kikikauka, mtoto anakuja shule na daftari mkono huu, dumu la lita tatu mkono ule, na kuni kichwani. Bahati yetu mikorosho inapogolewa kila mwaka, kuni hazijawahi kutusumbua.

Ufini nayo mmeitaja huko juu. Walipitisha sheria ya chakula cha bure kwa watoto wote mwaka 1943, nchi ikiwa vitani, wakazipa halmashauri hadi 1948 ziwe zimejipanga. Chakula chenyewe kilikuwa uji na supu. Mkate na maziwa mtoto anabeba kwao, na sheria iliruhusu wanafunzi watumwe kulima na kuokota chakula cha jiko la shule. Hao ndio mnaowasifu leo. Ufaransa wana jibini na mlo wa hatua nne, hongera zao. Marekani napita, nchi ambayo mwaka 2011 bunge lake lilikataa kubadilisha hesabu inayofanya rojo la nyanya la kwenye piza lihesabiwe mboga.

Sasa makande. Mimi siyaonei haya. Mahindi na mbaazi kwenye sufuria moja ni chakula kamili kuliko maandazi na ubuyu ambavyo mtoto angenunua getini saa nne, kama hata ana hiyo mia. Mwaka una siku 194 za masomo. Ukimpimia mtoto gramu 100 za mahindi makavu kwa siku, unapata kilo 19 na ushee, yaani kama debe moja hivi. Mbaazi gramu 30, karibu kilo sita. Basi. Debe moja na kilo sita, mtoto anakula mwaka mzima. Mama wa jikoni akiloweka usiku, asubuhi kuni zinapungua na watoto hawalalamiki matumbo.

Kinachotuumiza ni kalenda. Tulikuwa tunaitisha mchango Januari, shule zinapofunguliwa, kama vile wazazi wetu wanalipwa mishahara. Huku hela ni moja kwa mwaka, ya korosho, inaingia minada ikichangamka Oktoba na Novemba. Ikifika Januari imeshapita kwenye bati, pikipiki na ngoma za jando na unyago. Mahindi ya ghalani nayo yanaelekea ukingoni, watu wanachimba ming'oko, vile viazi vya porini, halafu wewe unasimama kwenye mkutano unadai debe. Mzee mmoja aliniambia mbele za watu, "Mwanangu, tangu 2016 tumeambiwa elimu bila malipo, wewe debe umelitoa wapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, ada imefutwa, njaa haijafutwa." Watu wakacheka, lakini debe halikuletwa.

Tukahamisha. Mahindi tunapokea Julai watu wakitoka kuvuna, mbaazi zinafuata baadaye kidogo, hela ya mpishi na chumvi tunakusanya Novemba. Mwaka wa kwanza dumuzi, wadudu wa mahindi, walikula magunia saba, ndipo tukanunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Tangu hapo Januari stoo ina chakula.

Kuhusu mbaazi nina kisa. India mahakama yao ya juu kabisa iliagiza mwaka 2001 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa, na kule kusini mwao mchuzi wa wali ni wa mbaazi. Mbaazi zetu nyingi zinaenda huko huko India. Mwaka 2017 wakaweka kikomo cha kuagiza, bei ikaanguka hapa hadi watu wakaacha kuvuna. Wazazi ambao siku zote walileta mbaazi kidogo kidogo wakaanza kuleta kwa gunia, maana hazikuwa na mnunuzi. Mwaka ule baba zao walilia, watoto wakala vizuri kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka. Sijui nifurahi au nifanyeje.

Kama kuna kitu cha kuiga Japani, kwangu si ile sahani. Kule watoto wenyewe wanavaa kofia nyeupe, wanapakuliana darasani, mwalimu anakula nao chakula kile kile. Shuleni kwetu tulikuwa na daftari: asiyeleta debe hapakuliwi. Mimi ndiye niliyeshika lile daftari, msinihukumu sana. Mtoto wa darasa la pili alisimama na bakuli lake mwisho wa mstari kila siku kwa wiki nzima, akijua jina lake halipo, akisubiri labda nitasahau. Mama yake yuko kwa bibi yake Newala, baba haonekani, na huku kwetu mnajua, mzigo kama huo ni wa mjomba. Siku ya Ijumaa nikamwambia mama wa jikoni ampakulie, na Jumatatu kamati ikakubali daftari libaki kwa ajili ya wazazi tu, lisifike tena jikoni.

Mjomba mtu alileta debe Novemba, baada ya mnada wa pili, na kilo kumi za mbaazi juu yake.