B ya kwenye fomu ya mzigo

Kaka, umeniuliza ile B kwenye fomu ya mzigo, kati ya L (length, urefu) na H (height, kimo), ni nini. Ni "breadth", yaani upana, ile largeur yetu ya Kifaransa. Usichanganye na "breath", hiyo ni pumzi. Kifaransa hakihusiki hapo: neno breadth linatoka kwa "broad", pana, neno la Kiingereza cha kale, na Wajerumani wana lao "breit". Zamani Waingereza walisema "brede". Ile th ya mwisho ilibandikwa karne ya 16, kwa kuiga "length". "Width", nalo ni upana, ni mdogo wake, wa karne ya 17. Mimi nauza vitenge huku Kadutu, Bukavu, na lebo zangu zote zimeandikwa "width", 46 inchi. Breadth naikuta kwenye fomu tu, na vitabuni wanaposifu upana wa elimu ya mtu.