Detepwani wa Nyumba ya Mungu: majike wameongezeka, au ni makinda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza wageni wanaopenda ndege hapa Moshi, na kila mwezi nafika bwawa la Nyumba ya Mungu. Detepwani, wale ndege weusi kwa weupe wanaovua samaki, wakishamaliza kulea, naona wenye mkanda mmoja kifuani, yaani majike, wanawazidi madume kwa mbali. Je, madume wanahama? Nataka kuwafuatilia kwa kifaa. Ninunue kipi?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza.

Mikanda umeisoma sawasawa: dume ana miwili myeusi, jike ana mmoja, mara nyingi umekatika katikati. Lakini kinda, awe dume au jike, naye hutoka shimoni, yaani kwenye kiota kilichochimbwa ukingoni, na mkanda mmoja. Wake ni wa kijivujivu, na manyoya ya koo na kifua yana kingo za kahawia. Kwa mbali, jua likiwaka juu ya maji, ataingia daftarini kama jike. Ndiyo maana "majike" hufurika baada ya ulezi hata kama hakuna dume aliyeondoka. Ongeza safu ya tatu daftarini: "mkanda mmoja, sina hakika". Iache ijae, usiione aibu.

Wala usitegemee madume na majike wawe nusu kwa nusu. Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza detepwani wa maziwa Naivasha na Victoria, alikuta wazazi wakisaidiwa kulisha makinda na ndege wengine, na wasaidizi hao ni madume. Penye mashimo, basi, madume huonekana wengi. Pita ufuo uleule, saa zilezile, andika muda uliotumia, na siku usiyoona hata mmoja andika sifuri. Sifuri ni taarifa. Jioni wahesabu wanapokusanyika kulala.

Sasa kifaa. Vile vyepesi vinavyorekodi mwanga hukadiria mahali kwa urefu wa mchana na saa ya jua kuchomoza. Moshi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata dakika 25. Kifaa kitakueleza mashariki na magharibi, lakini kaskazini na kusini kitababaisha, na ndege akiingia shimoni kitadhani usiku umeingia. Uzito nao: kwa kawaida mzigo hauzidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Detepwani wa gramu 80 anabeba gramu 2.4 tu, naye ni mchimbaji mwenye miguu mifupi sana. Kumkamata na kumvisha hata pete ya mguuni ni kazi ya aliyefunzwa, tena kwa kibali. Waulize TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, makao yao yako Arusha.

Swali lako lenyewe ni zuri. Kwa mdiria mmoja, ndugu wa detepwani, wa Amerika ya Kaskazini, baridi ikija majike huelekea kusini zaidi, madume wengi hubaki kulinda kingo zao mradi maji hayajaganda. Kwetu hakuna barafu, kuna tope. Masika, mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia bwawani ikiwa myekundu, na ndege anayewinda kwa macho kutoka juu hawezi kuona samaki. Hesabu sehemu mbili kwa siku moja, mdomoni mwa mto na penye maji maangavu, kuanzia Februari hadi Juni. Madume wakipungua pale mtoni na kuongezeka kule kwenye maji maangavu, huku majike wakibaki walipo, niandikie tena, tuzungumze habari ya pete.